Kamari Haina Mavuno

Mtu asafiriye kwa barabara kuu kutoka Lusahunga, wilayani Biharamulo, kwenda Rusumo, hupita katika nchi ya vilima, migomba, mihogo na maharagwe. Akifika Benaco hukuta malori yaendayo Rwanda yamejipanga kando ya njia, na akishuka mpaka Rusumo huona daraja juu ya mto Kagera na kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi mwezi wa Aprili, mwaka 2016. Akikata upande wa Ngara mjini na kuendelea mpaka Kabanga, hufika mpaka wa Burundi. Hii ni nchi ya watu wa kazi. Mkulima wa hapa huamka na jembe lake kungali na ukungu, na dereva wa lori hulala kwenye usukani akingoja karatasi zake za forodha zikamilike.

Lakini siku ya Jumamosi alasiri iko kazi nyingine ambayo haina jembe wala usukani. Vijana waliokwisha kushusha mizigo, waendesha bodaboda walioegesha pikipiki zao kivulini, na hata watu wazima wenye wake na watoto, wameinamia simu zao kimya. Hawasomi bei ya kahawa. Wanatazama timu za Uingereza, za Hispania, na wakati mwingine za nchi ambazo wakipewa ramani hawawezi kuzionyesha kwa kidole. Kila mmoja ana mkeka wake, yaani orodha ya michezo aliyoitabiri na kuiwekea fedha. Mikeka waliyoijua baba zetu ililaliwa; huu wa leo haulaliwi, bali humkosesha mtu usingizi.

Makala haya hayakuandikwa kuwacheka vijana hao. Mtu anayecheza kamari si lazima awe mvivu. Wengi wao hufanya kazi kutwa kucha. Yameandikwa ili tuulize swali moja ambalo halina budi kuulizwa hadharani: fedha zinazotoka katika mifuko hiyo zinakwenda wapi, na sisi tunaobaki twalipa nini?

SI JAMBO JIPYA, WALA SI LA KWETU PEKE YETU

Kamari ni ya kale. Watu wa kale walirusha dadu zilizochongwa kwa mifupa, na katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa Wahindi, twasimuliwa habari za mfalme Yudhishthira aliyepoteza kwa dadu mali yake, ufalme wake, ndugu zake, nafsi yake, na mwishoni hata mke wake. Uislamu uliiharimisha kamari pamoja na ulevi. Wazee wa mataifa mengi waliiona hatari yake zamani sana, kabla ya kuwapo kitabu chochote cha uchumi.

Lakini serikali nazo ziliiona faida yake. Katika Uingereza, Malkia Elizabeth wa Kwanza alianzisha bahati nasibu iliyochezeshwa mwaka 1569 ili kupata fedha za kutengeneza bandari. Kule Monaco, kasino ya Monte Carlo ilifunguliwa mwaka 1863, na nchi ndogo iliyokuwa haina mali ikatajirika kwa fedha walizoziacha wageni mezani. Mwandishi mashuhuri wa Urusi, Dostoevsky, aliyekuwa mwenyewe mtumwa wa mchezo huo, alitunga mwaka 1866 riwaya juu ya mcheza kamari, tena aliitunga mbio mbio akibanwa na madeni. Jimbo la Nevada katika Marekani liliruhusu kamari mwaka 1931, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, na mji wa Las Vegas ukakua jangwani. Wafanyakazi wa viwanda vya Uingereza wao waliletewa kamari mlangoni: kampuni ya Littlewoods ilianza mjini Liverpool mwaka 1923, na kwa miaka mingi familia za makabwela zilijaza fomu za kutabiri mpira kila wiki, zikingoja Jumamosi iwatoe katika umaskini.

Siku hizi jambo hili limeenea kama moto wa nyikani wakati wa kiangazi. Mwezi wa Mei mwaka 2018 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliondoa katazo lililokuwa likizuia majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo, na tangu hapo jimbo moja baada ya jingine limefungua milango. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoitwa na jarida la tiba la The Lancet Public Health lilikadiria kwamba kiasi cha asilimia 46 ya watu wazima duniani walikuwa wamecheza kamari ya aina fulani katika mwaka mmoja, na asilimia 18 hivi ya vijana wadogo pia, ingawa katika nchi nyingi sheria yawakataza. Jopo hilo lilikadiria tena kwamba watu wazima wapatao milioni 80 wamefikia hali ya ugonjwa, yaani wanataka kuacha wasiweze. Idadi hiyo ni zaidi ya watu wote wa Tanzania.

JINSI ILIVYOTUFIKIA

Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa bahati nasibu. Kenya ilitunga sheria ya kusimamia kamari mwaka 1966, na Tanzania nayo ikawa na sheria yake mwaka 1967, kisha Bahati Nasibu ya Taifa kwa sheria ya mwaka 1974. Kwenye vituo vya mabasi walikuwapo wale matapeli wa karata tatu, wenye mchezo wa pata potea, ambao mtu mwenye haraka ya basi aliwapita mbali. Lakini mambo hayo yote yalikuwa na mipaka. Tikiti ya bahati nasibu ilinunuliwa dukani, matokeo yalingojewa, na mtu alipokuwa akingoja aliendelea kulima.

Kilichobadilisha mambo ni simu. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Ilikuwa baraka kubwa kwa mkulima wa Rulenge au mfanyabiashara wa Nyakanazi, ambaye hapo awali alilazimika kumpa kondakta wa basi bahasha yenye fedha na kuomba Mungu. Lakini njia ile ile iliyomletea mama fedha kutoka kwa mwanawe aliye mjini ndiyo iliyowafungulia wenye kamari mlango wa kila nyumba. Hakuna haja tena ya kasino yenye taa na mazulia. Kasino imo mfukoni, na haifungwi usiku wala sikukuu.

Nchini mwetu sheria ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na katika miaka iliyofuata kampuni za kubashiri zikaongezeka. Mwaka 2017 watazamaji wa mpira waliona jambo la ajabu: Simba na Yanga, mahasimu wasiokubaliana hata juu ya rangi ya mbingu, wote wawili walidhaminiwa na kampuni moja ya kubashiri. Mwaka huo huo kampuni ya GeoPoll iliwauliza vijana wa nchi kadhaa za Afrika habari za kamari. Wa Kenya ndio waliokuwa mbele, na watatu katika kila wanne walijibu kwamba wamepata kuicheza. Serikali za jirani zilishtuka. Mwezi wa Januari mwaka 2019 Uganda ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya za kubashiri michezo, na waziri aliyelitangaza jambo hilo, kwa sadfa ya kuchekesha, aliitwa Bahati. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Kenya ilikataa kuziongezea leseni kampuni 27 kwa sababu ya ugomvi wa kodi, ijapokuwa baadhi yake zilirejea baadaye. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30.

Pamoja na mkeka kuna mashine za kutumbukiza sarafu, ambazo watu wameziita madubwi, na kuna kile kindege cha kwenye simu: picha ya ndege inayopaa, na fedha zaongezeka kadiri inavyopaa, mpaka itoweke ghafla, na yeyote ambaye hajatoa fedha zake amezipoteza. Mkulima hungoja mvua miezi. Mcheza kindege hungoja nusu dakika. Ndiyo maana hasara yake nayo huja kwa nusu dakika.

HESABU YA MKEKA

Watu husema kwamba kamari ni bahati, leo kwako kesho kwangu. Neno hili si kweli, na yafaa kila mfanyakazi aone hesabu yake mwenyewe. Haihitaji elimu kubwa. Darasa la saba latosha.

Tuchukue shindano ambalo pande mbili zina nguvu sawasawa, kama kurusha shilingi juu. Mchezo wa haki ungekuwa hivi: ukiweka shilingi 1,000 na ukashinda, urudishiwe 2,000. Ungeshinda mara moja na kushindwa mara moja, na mwisho wa yote usingepata wala kupoteza. Lakini mwenye kamari halipi 2,000. Tuseme analipa 1,850. Tofauti hiyo ndogo ndiyo chakula chake. Kwa wastani, katika kila shilingi 1,000 unayoweka, zinarudi 925, na 75 zinabaki kwake, awe nani mshindi.

Sasa mchezaji wetu anaona kwamba 1,850 ni kidogo, hazimtoi katika shida. Kwa hiyo anaunganisha mashindano kumi katika mkeka mmoja. Ili ashinde, yote kumi lazima yatokee kama alivyosema. Moja likienda kombo, mkeka umechanika. Nafasi ya kupatia yote kumi ni moja katika 1,024. Mchezo wa haki ungemlipa mshindi shilingi 1,024,000 kwa kila 1,000. Lakini kwa kuwa ile tofauti ndogo imezidishwa mara kumi, atalipwa 469,600 hivi tu. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa katika mikeka ya namna hiyo, kwa wastani zinarudi 459 kwa wachezaji wote pamoja, na 541 zimekwenda. Mkeka ukiwa mfupi mwenye kamari anakula kidogo; ukiwa mrefu anakula zaidi ya nusu. Na mwenye kuvutwa na mkeka mrefu ni nani? Ni yule mwenye fedha kidogo na shida nyingi. Tajiri hana haja ya kugeuza 1,000 kuwa nusu milioni.

Hapa ndipo ulipo unyonyaji wenyewe. Haufanywi kwa kiboko wala kwa kodi ya kichwa, bali kwa tarakimu mbili baada ya nukta.

Kwa nini basi mtu asiyejua kupata haachi? Mtaalamu wa Marekani B. F. Skinner aliwachunguza njiwa waliodonoa kibonyezo ili wapate nafaka. Njiwa aliyepewa nafaka bila mpangilio, mara baada ya kudonoa kidogo, mara baada ya kudonoa sana, alidonoa bila kuchoka, na hata nafaka zilipokoma aliendelea kwa muda mrefu. Binadamu naye ana udhaifu huo. Mkeka uliokosa timu moja tu humfanya mtu aseme, "nilikuwa karibu," kana kwamba ukaribu ni mali. Shirika la Afya Duniani laihesabu hali hii, inapokomaa, kuwa maradhi yenye haki ya kutibiwa. Kwa hiyo tusimwite kila mgonjwa mjinga.

NANI ALIPAYE

Tumchukue kijana mmoja wa bodaboda, tusimtaje jina kwa sababu wako wengi wa mfano wake katika kila mji wa Tanzania. Pikipiki si yake. Kila jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri wake, na kinachobaki ndicho chake. Jumamosi moja alishinda shilingi 60,000, na kijiwe kizima kikajua. Hasara zake za wiki kumi zilizotangulia hakuna aliyezijua, kwa maana anayeshindwa hapigi kelele. Wiki iliyofuata aliweka zaidi. Siku moja akaweka na hesabu ya tajiri, akitumaini kuirudisha kabla ya magharibi. Mkeka ukachanika. Akakopa kwa simu, mkopo unaotolewa kwa dakika moja na kudaiwa kwa ada, akaweka tena. Mwisho pikipiki ikarudi kwa mwenyewe, na kijana akarudi nyumbani kwa miguu.

Nani alilipa hasara ile? Kwanza yeye. Pili mkewe, ambaye alikuwa ameweka akiba ya mbegu za maharagwe kwa msimu wa vuli, na mbegu zile zikauzwa kulipa deni. Tatu mtoto, aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa daftari na sare. Nne majirani, ambao kuku na ndizi zao zikaanza kupotea usiku. Na tano ni wilaya nzima, kwa kuwa shilingi iliyotumiwa gengeni huzunguka kwa muuza gengeni, kwa mkulima na kwa fundi, lakini shilingi iliyoingia katika mkeka hutoka kijijini usiku ule ule na kurudi yake ni kwa nadra.

Watu wa mkoa wa Kagera wanalijua jambo linalofanana na hili. Liko neno butura, nalo ni kuuza kahawa ingali maua mtini kwa mnunuzi anayetoa fedha kidogo leo ili avune nyingi kesho. Mkulima aliyebanwa na ugonjwa au ada ya shule huuza mavuno ambayo hayajawa. Viongozi wameikemea butura kwa miaka mingi, na wamefanya vyema. Lakini mwenye kuuza butura angalau amepokea kitu mkononi. Mwenye kucheza kamari ameuza kesho yake na hakupokea kitu, isipokuwa matumaini ya mpaka saa nne ya usiku.

Na fedha hizo si ndogo kama zinavyoonekana. Shilingi 1,000 kila siku ni 365,000 kwa mwaka. Kwa fedha hiyo mkulima anapata jozi ya mbuzi, nao mbuzi huzaa. Mkeka hauzai.

BAO NA KAMARI

Wako wasemao kwamba michezo ni starehe ya mtu, na mwenye kuikataza amemnyima maskini furaha. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini sisi hatukukosa michezo. Majirani zetu wa Rwanda na Burundi wana bao wanaloliita igisoro, nasi huku tuna bao letu; wazee hukaa chini ya mti, kete zikagongana, watu wakacheka mpaka jua likatua. Katika bao hakuna kilichofichwa. Kete zote ziko wazi mbele ya macho ya wawili, na anayeshinda ameshinda kwa akili na mazoezi. Anayeshindwa hujifunza, na kesho hurudi akiwa hodari zaidi. Wala hakuna mtu wa tatu, aliyekaa mbali katika mji mkubwa, ambaye huchukua kete moja kila mchezo unapochezwa.

Kadhalika, kama haja ni kupata fedha nyingi kwa mara moja, jambo hilo nalo lina dawa ya kwetu. Kina mama wa mitaani wanaijua: ni upatu. Watu kumi huchanga kila wiki, na kila wiki mmoja hupokea fungu lote. Kila mtu atapata, ila kwa zamu. Tofauti na mkeka, fedha zilizoingia kumi hutoka kumi. Vikundi vya kuweka na kukopa vimeuendeleza utaratibu huo kwa daftari, sanduku na kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Kijana anayetamani pikipiki yake mwenyewe ana njia hii, na wenziwe wengi wamepita humo. Ni njia ndefu, lakini ina mwisho unaojulikana.

HOJA ZA WATETEZI

Watetezi wa kamari wana hoja mbili nyingine. Ya kwanza ni kodi: serikali hupata mapato, na mapato hujenga shule na barabara. Ni kweli. Lakini tukumbuke kodi hiyo imetoka kwa nani. Kama shilingi imetoka kwa mchukuzi wa mizigo wa Rusumo, ikapita kwa mwenye kamari, naye akatoa sehemu kuipa hazina, basi mchukuzi ndiye aliyelipa, na amelipa mara nyingi zaidi ya kile hazina ilichopokea. Isitoshe, nchi inayoanza kutegemea mapato hayo hujikuta katika mtego: ikitaka kuwaponya watu wake, inapunguza mapato yake.

Hoja ya pili ni ajira na udhamini wa michezo. Vibanda huajiri vijana, na klabu hupata jezi. Hili nalo ni kweli. Lakini hata huko ulikoanzia udhamini huo watu wameanza kujirudi. Italia ilipiga marufuku matangazo ya kamari kwa sheria ya mwaka 2018, na mwaka 2023 klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana kuondoa majina ya kampuni za kamari mbele ya jezi zao kuanzia msimu wa 2026/27. Ikiwa klabu zenye utajiri wa namna ile zimeona aibu, si vibaya nasi tukaanza kufikiri.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kwamba nchi hii itajengwa na watu wake kwa kazi yao, na kwamba mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe ni unyonyaji. Mengi yamebadilika tangu siku zile: viwanda vimebinafsishwa, soko limefunguliwa, na biashara ya mtu binafsi si dhambi. Lakini swali la Azimio halikuzeeka. Mkulima huzalisha ndizi, dereva husafirisha, fundi hutengeneza, mwalimu hufundisha. Kamari huzalisha nini?

LA KUFANYA

Hatusemi kwamba kamari yote ifutwe kesho asubuhi. Palipo na simu, mchezo uliofukuzwa mlangoni huweza kuingia dirishani, tena bila sheria wala msimamizi. Lakini yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni kuitekeleza sheria iliyopo. Sheria yakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Basi dubwi lililowekwa karibu na shule au dukani mwa peremende, na mtoto mwenye sare akalipa sarafu ya daftari, si suala la maoni. Ni kosa, na mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji anapaswa kuliona kabla ya mtu mwingine yeyote.

La pili ni matangazo. Redio zetu humtaja mshindi mmoja asubuhi, mchana na jioni, wala hazimtaji hata mmoja wa maelfu waliolipia ushindi wake. Wenye mamlaka wangeweza kudai kwamba kila tangazo lieleze wazi, kwa Kiswahili chepesi, nafasi ya kushinda na kiasi ambacho mwenye mchezo hubakiza.

La tatu ni mkopo. Fedha ya kukopa kwa simu isiruhusiwe kwenda moja kwa moja katika akaunti ya kamari. Anayecheza kwa fedha yake huishiwa akaacha. Anayecheza kwa fedha ya deni huishiwa akaendelea.

La nne ni kazi yetu sisi wenyewe, katika matawi, katika vyama vya wafanyakazi, katika vyama vya msingi vya wakulima na katika nyumba za ibada. Siku ya malipo ya kahawa ndiyo siku ya hatari. Basi siku hiyo hiyo sanduku la akiba liwe mezani karibu na meza ya malipo. Walimu wa hesabu waifundishe hesabu ya mkeka darasani, maana hakuna mfano wa sehemu na asilimia utakaosikilizwa kwa makini zaidi na vijana. Na mtu aliyenaswa apelekwe kwa mganga wa hospitali na kwa wazee wenye busara, wala asisimangwe kijiweni. Anayeona haya hujificha, na anayejificha huendelea kucheza.

Ngara yajua maana ya kupoteza. Mwishoni mwa Aprili mwaka 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda, wengi wao wakiwa na mkeka mmoja kichwani na sufuria mkononi. Wazee wa hapa waliwaona kwa macho yao. Wale walinyang'anywa walichokuwa nacho kwa vita, pasipo kuulizwa. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika nchi iliyoyaona hayo, mtu mwenye shamba, amani na afya njema atoe mbegu zake kwa hiari, shilingi elfu kwa elfu, mbele ya kioo cha simu.

Mvua za vuli zikifika, vilima vitageuka kijani tena, kwa aliyepanda. Aliye na mbegu na apande. Aliyepoteza mbegu na amwendee jirani amwazime, kisha ajiunge na wenziwe katika kikundi cha akiba, aanze upya. Hakuna aibu katika kuanza upya.